Kosa Lina Jina, Halina Dini



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilikaa katika ofisi ya parokia nikiandika majina ya watoto wa Kipaimara. Wazazi walingoja zamu zao nje, kivulini, na mazungumzo yao yakaniingilia dirishani. Walikuwa wakizungumza habari za fujo. Mzee mmoja, mtu mpole ambaye hata kuku hamkemei, alipaza sauti akasema, "Watu wa namna hiyo dawa yao ni risasi tu. Polisi wanawabembeleza mno." Mwingine akamkatiza, "Hata kidogo! Polisi wenyewe ndio wanaoleta fujo. Wasipokuja, watu hutulia." Kisha wakanigeukia, "Karani, wewe uliyepita chuo cha ualimu, mwenye haki ni nani?"

Niliwaambia, "Wazee wangu, nipeni juma moja." Leo nalipa deni langu.

Swali lao ni hili: watu wakikusanyika kwa sababu ya chuki, mawe na viberiti mikononi, askari yampasa kufanya nini? Sisemi habari za watu wanaoandamana kwa amani kudai haki yao. Hao Katiba ya nchi yetu inawalinda. Nasema habari za kundi linalomtafuta mtu, au linaloitafuta nyumba ya sala ya wengine, kwa nia ya kuangamiza.

Tuanze na jambo lililotokea kweli. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Mmoja alikuwa Mwislamu, wa pili Mkristo. Ubishi wao ulikuwa wa kitoto, ati mtu akiichezea Kurani atageuka mnyama. Yule Mkristo, mvulana wa miaka 14, akakojolea kitabu kile. Alifanya vibaya sana, na sisi tusimtetee. Je, nasi tungejisikiaje kama mtu angekifanyia hivyo Kitabu chetu kitakatifu? Polisi walimchukua mtoto wakamweka kituoni. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Oktoba, baada ya sala ya adhuhuri, umati ulifika kituoni ukidai kupewa mtoto yule. Polisi wakakataa. Hapo watu wakatawanyika kwa hasira, wakayashambulia makanisa kadhaa ya sehemu zile. Walivunja vioo, wakachoma moto, wakaharibu vitu. Polisi walitumia mabomu ya machozi, wakakamata watu zaidi ya mia moja. Rais wa wakati ule, Bwana Jakaya Kikwete, alifika mwenyewe kuyaona makanisa hayo na kuwaomba watu watulie.

Wengi wetu, tukisikia habari ile, twakumbuka makanisa tu. Mimi nawaomba mkumbuke kwanza ule mlango wa kituo. Nyuma yake alikuwamo mtoto, na mbele yake umati. Kama askari wangefungua mlango ili kuokoa majengo, mtoto angeuawa barabarani, na damu yake ingekuwa juu ya waliomlinda. Kanisa hujengwa tena kwa matofali na saruji. Mtoto hajengwi tena. Basi, neno la kwanza la kuwajibu wazee wangu ni hili: kazi ya kwanza ya askari ni kumlinda yule anayetafutwa, hata kama yule anayetafutwa amekosa.

Jambo hili si geni kwetu tusomao Maandiko Matakatifu. Pilato alikuwa na askari wa kutosha, naye alijua kwamba mtu aliye mbele yake hana kosa, lakini aliogopa kelele. Akanawa mikono, akamtoa. Twamtaja jina lake kila tunaposali Nasadiki, na si kwa sifa njema.

Lakini yuko ofisa mwingine tunayemsahau. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 21 hata ya 23. Mtakatifu Paulo alikuwa hekaluni Yerusalemu. Watu walikuwa wamemwona mjini na mtu wa Efeso, wakadhani amemwingiza hekaluni, na dhana ile ikawa habari, na habari ikawa ghasia. Wakamburuta nje wakimpiga. Jemadari wa Kirumi, Klaudio Lisia, alipopata habari hakungoja asubuhi. Alishuka mbio na askari wake, na wale waliompiga Paulo walipowaona askari wakaacha. Umati ukasukuma hata askari wakambeba Paulo juu juu kupanda naye ngazi. Lisia hakujua dini ya Wayahudi, wala hakumjua Paulo. Alijua kazi yake tu.

Tena Maandiko hayamfichi kosa lake. Alipokwisha kumwokoa, aliamuru apigwe mijeledi ili aseme kosa lake. Hapo Paulo akamwuliza akida aliyesimama karibu kama ni halali kumpiga raia wa Kirumi asiyehukumiwa, na Lisia akaingiwa na hofu kwa sababu ya sheria. Mwaona? Askari aweza kutenda vyema saa nne na kutenda vibaya saa tano. Ndiyo maana sheria imewekwa juu ya mwenye fujo, na juu ya mwenye bunduki vilevile.

Sasa nataka kusema jambo lisilopendeza masikioni petu. Baada ya Mbagala, Wakristo wengi walisema, "Hao ndio wao." Haikupita hata nusu mwaka. Mapema Aprili 2013, juma lile la Pasaka, ghasia zilizuka Tunduma. Tunduma ni jirani yetu. Ndiyo njia ipitayo mahindi yetu, na wengi wetu tuna ndugu kule. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anayestahili kuchinja wanyama wa kuuzwa buchani. Barabara zilifungwa kwa mawe na matairi yaliyowashwa moto, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Waliotupa mawe safari hii hawakuwa "wao". Walikuwa vijana waliojiita Wakristo. Na mwezi wa Februari mwaka uleule, kule Buseresere, upande wa Geita, ugomvi huohuo wa kuchinja ulikuwa umemwua mchungaji mmoja.

Je, tuseme Wakristo wote wa Tunduma ni wakorofi? La hasha. Mama aliyekuwa akiuza nyanya siku ile, akafunga meza yake akakimbia na mtoto mgongoni, huyo naye alikuwa Mkristo. Basi kama hatutaki kuhesabiwa pamoja na wenye mawe wa Tunduma, tusiwahesabu Waislamu wote pamoja na wenye mawe wa Mbagala. Kuna methali isemayo samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hiyo ni ya kikapu cha samaki, na wanadamu hawakuumbwa kuwa samaki wa kikapu kimoja. Kosa lina jina la mtu. Halina dini, wala kabila, wala kitongoji.

Sasa habari ya risasi, ambayo mzee wangu aliipenda. Mwezi wa Februari 1998, katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, palitokea ghasia juu ya mahubiri yaliyolalamikiwa kwamba yanakashifu dini ya wengine. Polisi walifyatua risasi, na watu wakafa. Hata leo ukilitaja jina la Mwembechai mbele ya Waislamu wengi, utaona uso wa mtu ukibadilika. Mwenye kovu usidhani kapoa. Huko Zanzibar na Pemba, tarehe 26 na 27 Januari 2001, risasi zilitumika juu ya waandamanaji wa siasa. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa, na watu wapatao 2,000 walikimbilia Kenya, jambo ambalo nchi yetu iliyozoea kupokea wakimbizi haikuwa imelijua. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka katika Dar es Salaam na miji mingine. Mali iliharibiwa, watu wakauawa, hata Rais akaunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mambo haya matatu hayafanani sababu zake. Nayaweka pamoja kwa neno moja tu: risasi haichagui. Humpata mwenye jiwe, humpata na aliyetumwa dukani kununua chumvi. Tena aliyekufa hawezi kushtakiwa, wala kuungama, wala kutubu.

Sheria yenyewe haikuacha jambo hili hewani. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, yasema kwamba hata watu watatu waweza kufanya mkusanyiko usio halali, kama nia yao ni kuvunja amani. Lakini imeweka pia tangazo: watu waambiwe waondoke, wapewe muda wa kuondoka. Na katika mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulikubaliana, mjini Havana, kanuni za kuwaongoza askari wa dunia nzima. Zasema askari aanze na njia zisizo za nguvu. Nguvu ikihitajika, iwe kwa kadiri ya hatari. Bunduki isitumike ila kuokoa maisha pale njia nyingine zilipokwisha. Na waliojeruhiwa wapewe msaada upesi, wawe upande wowote.

Tena askari akikosa, naye ana jina. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, mkoa wa Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Hawakufungwa polisi wote wa Iringa. Alifungwa yule aliyeonekana na hatia. Hiyo ndiyo njia ya haki.

Lakini, ndugu wasomaji, mtasema, "Karani, Mbagala ni mbali. Huku kwetu hakuna misikiti inayogombana na makanisa." Ni kweli. Sisi tuna chuki yetu wenyewe. Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na babu zetu waliwaona akina Kamchape wakipita kijiji hata kijiji wakiwatafuta wachawi. Uchawi hatujautupa. Twawatupa vikongwe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika kigango kimoja kuhesabu kaya. Nilipofika nilikuta kijiji kizima kimekusanyika mbele ya nyumba ya bibi mmoja mjane. Mtoto wa jirani alikuwa amezikwa siku ya juzi yake. Watu walikuwa na mashoka na mundu, na kijana mmoja alishika kidumu cha mafuta ya taa. Niliwatazama nyuso zao, nikatetemeka. Majina yao nimeyaandika kwa mkono wangu katika vitabu vya parokia: huyu Ubatizo, huyu Kipaimara, wale wawili Ndoa. Nanyi mtaniuliza nilifanya nini. Nitasema kweli. Nilisimama kando na baiskeli yangu, sikusema neno. Niliogopa.

Akaja askari mmoja kwa pikipiki, nyuma yake amempakia mgambo. Bunduki alikuwa nayo, lakini aliiacha begani. Alipita katikati ya watu taratibu, akaenda akasimama mlangoni pa bibi, mgongo wake kwenye ubao. Akaanza kuwaita watu majina yao. "Baba fulani, mkeo yuko wapi? Wewe, mama yako anajua uko hapa? Aliye na shtaka aje nilipokee, nitaliandika. Aliye na jiwe aliweke chini." Mmoja akatupa jiwe, likampasua askari juu ya jicho. Akafuta damu kwa mkono, akaendelea kuita majina. Ajabu ni kwamba kila aliyeitwa jina alirudi nyuma hatua moja. Umati hauna jina, ndiyo maana hauoni haya. Mtu akiitwa jina hukumbuka kwamba yeye ni mtu. Alisimama pale hata jua likakaribia kuchwa, gari likaja, bibi akaondolewa salama.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Kesho yake walikuja askari wengine, wasiokijua kijiji. Waliuliza, "Nani walikuwapo?" Kila mtu akajibu, "Sikuona." Basi wakakusanya vijana wote waliowakuta, wakawapiga. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja aliyeshinda nyumbani kwa katekista siku ile yote, akiezeka paa. Hata sasa kijana huyo akiona sare ya polisi hugeuza njia. Waliofanya hivyo walifanya vibaya, nami nasema bila kuogopa. Wenye kosa walikuwa wamekwisha kukimbilia bondeni usiku.

Lakini usiku ule sikulala, maana nilijiuliza: ni nani aliyempiga yule kijana? Fimbo ilikuwa ya askari. Na kimya kilikuwa cha nani? Mimi niliyajua majina. Kama ningeyasema mapema, wangetafutwa watu watano, na kijana yule angeendelea kuezeka paa lake.

Siku ya tatu nilikwenda kituoni nikaandika maelezo yangu. Niliyataja majina matano, yale niliyoyaona kwa macho yangu, na la mwenye jiwe likiwamo. Jina la sita nililolisikia kwa watu sikulitaja. Yako majumba ambamo sikukaribishwa tena tangu siku ile. Mama mmoja aliniambia mlangoni pa kanisa, "Karani, umewauza watoto wetu." Sikumjibu, kwa kuwa ni mama, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini bibi yule yu hai, anaishi kwa binti yake, na Jumapili huletwa Misani.

Turudi kwa Mtakatifu Paulo. Watu zaidi ya arobaini walikula kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamwue. Ni nani aliyemwokoa? Ni kijana, mwana wa dada yake Paulo, aliyesikia shauri lile akaenda kumwambia jemadari. Lisia akamshika mkono, akamsikiliza faraghani, akamwonya asimwambie mtu. Usiku uleule akamtoa Paulo mjini kwa ulinzi wa askari 470, wa miguu na wa farasi, akampeleka Kaisaria mbele ya liwali, na washtaki wakaambiwa wamfuate huko wakaseme mashtaka yao. Lisia peke yake asingejua. Kijana peke yake asingeweza. Ulinzi ulitoka kwa wote wawili: mwenye habari aliyesema, na mwenye nguvu aliyesikiliza na kutunza siri.

Basi, wazee wangu wa kivulini, jibu langu ni hili.

Kwanza, askari afike mapema, maana fujo ya saa moja huzimwa kwa maneno, na ya saa sita haizimwi hata kwa maji. Amlinde anayetafutwa, wala asimtoe kwa ajili ya kelele.

Pili, awatangazie watu waondoke na kuwapa nafasi ya kuondoka. Awaite viongozi wao, shehe au padre au mwenyekiti wa kijiji, waseme na watu wao. Kule Efeso, katika sura ya 19 ya kitabu kilekile, aliyetuliza ghasia hakuwa askari. Alikuwa karani wa mji, aliyewakumbusha watu kwamba mahakama ziko wazi kwa mwenye neno. Nafurahi kwamba makarani nao wametajwa kwa wema mara moja.

Tatu, nguvu iwe kwa kadiri, na risasi iwe ya kuokoa maisha tu pale njia zote zimekwisha. Asiitumie kulipiza kisasi, wala kutisha, wala kulinda mabati.

Nne, baada ya ghasia akamate wenye makosa kwa majina yao na ushahidi wao. Asifuate dini, wala sura, wala kitongoji. Wa kwetu wakikosa, nao wapelekwe mahakamani kama wengine, na mapadre wetu wasiombwe kuwatetea.

Tano, na hili ni letu sisi: askari hawezi kukamata jina asilolijua. Kijiji kikifumba mdomo, kinamwachia askari mambo mawili tu, kumwacha kila mtu au kumpiga kila mtu. Anayesema, "Sikuona," hali aliona, anashika mpini wa fimbo ile pamoja na anayepiga. Naye askari akipewa jina kwa siri alitunze kama Lisia, la sivyo hatapewa la pili.

Mzee aliyetaka risasi nilimsomea haya jana jioni, kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Alinyamaza kidogo, akatema mate, kisha akaniuliza, "Karani, na kama mwenye jiwe ni mjukuu wangu?"

Nikamjibu, "Baba, ndipo hasa utakapomshukuru Mungu kwamba askari hakufyatua."

Mungu awabariki nyumbani mwenu. Tuonane juma lijalo.